Waya za stima zapita shambani kwetu Ganda: mafundi wana haki ya kuingia bila hodi?

#1 MwanaWaGanda

Salaam wote. Shamba letu liko Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Ni ekari nne na ushei alizotuachia marehemu baba, na hati iko mkononi kwa jina lake. Ndani mna nguzo sita na transfoma moja, nazo nimezikuta tangu nilipopata akili.

Jumanne iliyopita natoka sokoni nakuta geti liko wazi, kufuli limekatwa. Vijana watano wako shambani, mmoja juu ya mwembe na msumeno. Matawi matatu makubwa yako chini na embe ngowe changa zimetapakaa kama changarawe. Nikauliza ni nani aliyewapa ruhusa. Mkubwa wao akanijibu, "Mzee, waya ni zetu, ruhusa ya nini?" Wala hakunijibu kwa ukali. Alisema kama mtu anayekwambia kumekucha. Hilo ndilo lililonichoma.

Sasa nauliza. Hawa wana haki ya kuingia wakati wowote? Ni nani aliyekubali nguzo ziwekwe hapo kwanza? Baba hakuwahi kututajia kulipwa hata senti. Na je, naweza kuwaambia wazihamishe? Nilikuwa nimepanga kumjengea mama nyumba pale pale zinapopita waya, maana ndipo penye kisima.

#2 KusiKaskazi

Pole ndugu. Nunua kufuli kubwa zaidi, ufuge na mbwa wawili.

#3 FundiMstaafu

@KusiKaskazi usimpoteze mwenzio. Nimepanda nguzo miaka 22, Malindi, Magarini hadi Garsen. Laini ile ikikatika usiku wa mvua ikaanguka kwenye majani, fundi asipofika kwa sababu ya mbwa, atakayekufa ni mtoto wa jirani anayepita asubuhi kwenda shule.

Mwana wa Ganda, nikujibu kwa upande wa kazi. Waya zinazoingia kwenye transfoma yako zina volti 11,000, pengine 33,000 ikiwa ni laini kubwa. Zikitoka pale ndipo zinakuwa 415 na 240 za majumbani. Mwembe mbichi una maji ndani. Tawi likigusa waya wa juu, mti mzima waweza kuwa na stima, na anayeushika shina chini hajui. Ndiyo maana tunakata kabla ya masika. Mara nyingi hatukati kwa dharau.

Lakini kufuli kukatwa, hapana. Sisi tulifundishwa kupeleka taarifa kwa mwenye shamba, kubisha, kuonyesha kitambulisho cha kazi, kuingia saa za mchana, na kuondoka tumefunga geti. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inampa mwenye leseni nafasi ya kuingia kukagua, kutengeneza na kusoma mita, na inamtaka naye afuate utaratibu. Dharura ndiyo huingiwa bila kusubiri. Je, siku ile palikuwa na dharura? Stima ilikuwa imepotea?

#4 MwanaWaGanda

@FundiMstaafu ahsante mzee wangu. Hapana, stima ilikuwepo. Friji ya mama ilikuwa inanguruma. Na taarifa hatukupata, si karatasi, si simu, si kupitia kwa mzee wa mtaa.

#5 BintiMkomani

Mimi niko Amu, yaani Lamu mjini. Nyinyi mna bahati mnaongea habari ya shamba. Huku kwetu nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, vichochoro hupiti na punda ukabeba na kapu. Waya zimepita chini ya wikio (chumba cha juu kinachovuka kichochoro), zimegongomewa kwenye kuta za mawe, na mita nyingine ziko ndani, si kwenye daka, kibaraza cha mlangoni. Msoma mita akija anafika mpaka kiwandani, yaani ua wa ndani, mahali ambapo wanawake tumekaa bila buibui.

Nyumba ya shangazi yangu aliingia kijana mgeni akasema "mita" huku ameshavuka mlango. Shangazi alitetemeka siku nzima. Qurani imesema wazi katika Suratu Nnur, aya ya 27, msiingie nyumba zisizo zenu mpaka muombe ruhusa na muwatolee salamu wenyewe. Sasa hiyo sheria ya 2019 inajua hodi ni nini? Saa za mchana tu hazitoshi. Mchana ndio wakati waume hawako.

#6 SheriaMwakaWaTatu

Nasoma sheria, sijawa wakili, kwa hiyo nipimeni. Naona maswali ya Mwana wa Ganda yamechanganyika, nayo ni matatu.

Kuingia: hapo FundiMstaafu amesema sawa.

Nguzo kuwepo: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inataja mambo yanayoibana ardhi hata kama hayakuandikwa kwenye rejista. Miongoni mwake ni nyaya za umeme, nguzo za simu na mabomba yaliyowekwa kwa nguvu ya sheria. Yaani ukinunua shamba lenye nguzo, au ukirithi, umechukua na nguzo zake. Huwezi kusema hati yangu ni safi.

Fidia: Katiba, ibara ya 40, inalinda mali, na Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 148, inasema fidia ya haki ya njia (haki ya kupitisha waya kwenye ardhi ya mtu) hulipwa kwa matumizi ya ardhi, na juu yake hasara ya miti, mimea na majengo.

Angalieni lakini maneno "yaliyowekwa kwa nguvu ya sheria" katika kifungu cha 28. Kama ziliwekwa bila kufuata sheria, je, bado zinambana mrithi? Hapo ndipo mimi ninaposimama.

#7 MkulimaKakuyuni

Mnazunguka bure. Serikali ikipitisha stima imeshachukua ile ardhi. Baba yake hakuhitaji kukubali. Mstari ule ni wa serikali, basi.

#8 SheriaMwakaWaTatu

@MkulimaKakuyuni sivyo. Kutwaa ardhi ni jambo jingine, lina notisi zake, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo hulishughulikia. Haki ya njia haimnyang'anyi mtu ardhi. Udongo unabaki wako, unalima, unachunga mbuzi, unarithisha. Ulichopunguziwa ni matumizi: usijenge chini ya waya, usipande miti mirefu.

#9 MkulimaKakuyuni

Sasa kama siwezi kujenga wala kupanda mnazi, hicho ulichoniachia ni nini? Mbuzi wangu watatu?

#10 WituNdiKwetu

@MkulimaKakuyuni nikuonyeshe kwa mfano wa babu yangu. Ile laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai, ikapita Malindi, Garsen mpaka Lamu, imekata kona ya shamba lake. Ni laini ya zaidi ya kilomita 300, na njia yake ina upana wa mita 40. Kabla haijafika, Lamu tulikuwa na majenereta ya dizeli, mnakumbuka. Walikuja wathamini na daftari, wakahesabu mti mmoja mmoja: mkorosho huu, mwembe huu, mnazi huu unaozaa, huu bado. Babu alikuwa anatembea nao na bakora, kila mti una hadithi yake. Alilipwa, siwezi kusema hakulipwa. Leo chini ya waya tunapanda simsim na kunde, zinakubali vizuri.

Ila kuna kitu hakikuingia kwenye daftari. Mkorosho mmoja ndio uliokuwa kivuli ambapo wazee walikuwa wakikaa kusuluhisha kesi za mtaa. Uliandikwa "mkorosho, mkubwa, 1".

#11 BintiMkomani

@WituNdiKwetu hilo la mkorosho limenigusa.

#12 MzeeWaMambrui

Nimesoma wote. Vijana mmesahau jambo moja la pwani yetu. Mnasema "mwenye shamba, mwenye shamba" kana kwamba ni mtu mmoja.

Huku kwetu ardhi ina mwenyewe, miti ina mwenyewe, na nyumba ina mwenyewe. Mimi nina minazi kumi na minne Mambrui kwenye ardhi isiyo yangu. Aliipanda babu yangu kwa ruhusa ya mwenye ardhi wa zamani, na mpaka leo naangua nazi na hakuna anayeniuliza. Malindi mjini watu wangapi wana nyumba juu ya kiwanja cha mtu, wanalipa kodi ya ardhi tu? Na kuna mashamba hati zake zilitoka zama za ile sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, wenyewe hawaonekani, na wanaolima wamezaliwa pale na baba zao wamezikwa pale.

Sasa nguzo ikija, anaulizwa nani? Fidia ya mwembe apewe nani? Mwana wa Ganda, mwembe uliokatwa una hakika ni wenu?

#13 MwanaWaGanda

@MzeeWaMambrui shikamoo mzee. Swali lako limenifanya nisimame. Mwembe ule sisi tunaula tangu utotoni, lakini jirani yetu, bi mkubwa mmoja, naye huja akachuma kila msimu, na baba alikuwa hasemi neno. Nilidhani ni ujirani tu.

#14 SheriaMwakaWaTatu

Mzee wa Mambrui amenitoa darasani. Nimerudi kwenye kile kifungu cha 148. Hakisemi fidia ni ya mwenye hati peke yake. Kinamtaja mtu aliye kwenye ardhi kihalali au anayeikalia kweli. Maneno hayo yana uzito mkubwa kwa pwani. Mwenye minazi asiye na hati ana mlango wa kubisha.

#15 KusiKaskazi

Mlango upo, ufunguo nani anao? Mthamini akija anauliza hati. Asiye na hati anaambiwa asimame kando.

#16 FundiMstaafu

@KusiKaskazi zamani tulikuwa tunamuuliza chifu na mzee wa kijiji: huu mnazi wa nani? Tukiambiwa wa fulani, tunaandika fulani. Siwezi kusema kila mahali ilikuwa hivyo.

#17 NgoweHalisi

Samahani, nitoke kando kidogo. Nimesikia embe ngowe zimekatwa changa na moyo umeniuma. Ngowe ni fahari yetu Lamu, watu wa Malindi mtunze tuliyowapa.

#18 KusiKaskazi

Mmetupa ngowe, sisi tuliwapa maji ya kunywa mkikosa. Tuko sawa.

#19 BintiMkomani

@KusiKaskazi maji ya Amu yatoka visima vya Shela, chini ya vile vilima vya mchanga, si kwenu. Nyinyi na Mombasa mwanywa ya Baricho, ya mto Sabaki. Hata yeo. Usitusimange kwa maji yetu wenyewe.

#20 KusiKaskazi

Nimekubali, bibi. Nilikosea.

#21 BombaLaBaricho

Kwa kuwa mmelitaja, bomba kubwa lapita karibu na kwetu. Na maji nako ni vile vile: bomba limefukiwa, juu yake watu wamepanda migomba na wengine wamejenga vibanda. Siku likipasuka linachimbwa, kibanda kinaondoka. Jirani yangu aliondolewa jiko lake, akasema hakujua kama chini kuna bomba. Alama za zege zilikuwepo, zimemezwa na kichaka. Nauliza, jukumu la kufyeka alama zionekane ni la nani, la kampuni au la mwenye shamba? Kwa nguzo walau unaiona.

#22 MnaraWaJirani

Mimi langu ni wivu, naomba mnieleze. Jirani yangu ana mnara wa simu kwenye kiwanja chake, analipwa kodi kila mwaka na mkataba una nyongeza. Mimi nina nguzo nne na transfoma, silipwi kitu. Stima na simu si vyote ni huduma?

#23 SheriaMwakaWaTatu

@MnaraWaJirani jirani yako alikodisha kiwanja kwa hiari. Angeweza kukataa, wangekwenda kwa mwingine. Ule ni mkataba wa upangaji. Nguzo ya stima imekuja kwa njia ya sheria, na hata ukikataa kuna utaratibu wa kupeleka mgogoro mbele. Fidia yake huwa ni ya mara moja.

#24 MnaraWaJirani

Mara moja kwa miaka hamsini? Hiyo haki naiona ndogo. Mnara umesimama kwenye mita chache za kiwanja, nguzo zangu zimekula mstari mzima wa shamba.

#25 FundiMstaafu

Ndugu, mstari huo huo ndio umeleta taa kwa nyumba themanini nyuma yako. Kila mwenye shamba akitaka kodi ya mwaka kwa kila nguzo, bei ya tokeni atailipa nani? Mama muuza viazi karai.

#26 MzeeWaMambrui

@FundiMstaafu maneno yako yana haki. Lakini mzigo wa watu themanini usibebwe na bega la mmoja, tena asiulizwe.

#27 MkulimaKakuyuni

Nimefikiri jambo jingine. Nguzo zimekaa zaidi ya miaka 12. Kisheria mtu akikaa kwenye ardhi yako miaka 12 imekuwa yake. Kwa hiyo Mwana wa Ganda amechelewa, hata angekuwa na haki.

#28 SheriaMwakaWaTatu

Miaka 12 ipo kweli, Sura ya 22 ya sheria za Kenya, ile ya ukomo wa madai. Lakini anayedai ardhi kwa miaka 12 lazima awe ameishika peke yake kama mwenyewe. Hapa mstari unapita juu, chini baba wa watu analima mahindi. Hiyo si kushika.

Kinachonitia shaka ni kitu kingine. Madai ya kuingiliwa ardhi yana ukomo wa miaka 3. Wapo wanaosema nguzo iliyosimama bila haki ni kosa linaloendelea kila siku, kwa hiyo muda unaanza upya kila kukicha. Wapo wanaosema kosa lilikwisha siku nguzo iliposimikwa. Nimesikia mawakili wawili wakibishana ngazini pale mahakamani Malindi na hawakuafikiana.

#29 KusiKaskazi

Ila kufuli lilikatwa juzi. Hilo halina miaka 12 wala 3.

#30 MwanaWaGanda

@KusiKaskazi hapo umenena.

#31 MutawaliMdogo

Salaam. Na ardhi ya wakfu je? Nguzo iko kwenye shamba la wakfu la msikiti. Haliuzwi, halirithiwi. Nani mwenye kuweka saini?

#32 MzeeWaMambrui

@MutawaliMdogo msimamizi wa wakfu, na Makamishna wa Wakfu wapate habari. Fidia iingie kwenye wakfu, isiingie mfukoni mwa mtu. Hilo halina mjadala kwangu.

#33 MalalamikoWapi

Naona mnapeana vifungu, hakuna aliyesema apeleke wapi. Mimi niliwahi kwenda mahakamani moja kwa moja kwa jambo la waya kuungua. Kesi ikatupwa. Niliambiwa nianzie kwa EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, kisha Baraza la Nishati na Petroli. Nilipoteza mwaka na nauli. Mwana wa Ganda, usirudie kosa langu.

#34 SheriaMwakaWaTatu

Kwa kuingia na kwa huduma, ndiyo, anzia huko. Kwa fidia ya haki ya njia yenyewe, wapo wanaosema ni jambo la ardhi na mahali pake ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, nayo iko Malindi hapo hapo. Majaji hawajasema kwa sauti moja.

#35 MalalamikoWapi

Basi mwananchi afanye nini, apige kura?

#36 FundiMstaafu

Kabla ya yote aende ofisi ya kampuni ya stima na barua, nakala mbili, ya kwake igongwe muhuri. Aandike tarehe, saa, nambari ya gari kama aliiona, na picha za kufuli na matawi. Aombe aonyeshwe faili la mstari ule. Kila mstari una faili, na ndani mna fomu ya ruhusa ya mwenye ardhi. Kuhusu kuhamisha nguzo, nimwambie ukweli asije akajenga matumaini: kama ziliwekwa kihalali, anayeomba zihamishwe ndiye anayelipa, na si pesa kidogo. Nyumba ya mama aisogeze.

#37 MwanaWaGanda

Wapendwa, nimerudi. Sijafika ofisini bado. Jana usiku nilifungua sanduku la baba, lile la bati. Ndani ya bahasha ya hati nimekuta karatasi imekunjwa mara nne, ya mwaka 1994. Ni risiti ya fidia. Imeandikwa miembe 2, minazi 5, mkorosho 1. Chini kuna dole gumba, na jina si la baba. Ni la yule bi mkubwa jirani. Baba ametia saini pembeni kama shahidi.

Kuhusu ardhi yenyewe hakuna neno hata moja.

Nimekaa nayo mpaka adhana ya alfajiri. Baba alijua miti ni ya bi mkubwa, akaenda naye, akamshuhudia alipwe. Na sisi watoto miaka yote tulidhani tunamgawia embe zetu.

#38 MzeeWaMambrui

Mungu amrehemu baba yako. Huyo alikuwa mtu.

#39 SheriaMwakaWaTatu

Allah amrehemu. Jamani, mwaka 1994 Sheria ya Nishati haikuwepo, ya 2006 wala ya 2019. Iliyokuwepo ni Sheria ya Umeme, Sura ya 314. Kwa hiyo swali ni kama nguzo ziliwekwa kwa kufuata hiyo. Na saini ya shahidi, je, ni ruhusa? Baba alikuwepo, aliona, hakupinga. Wakili wa kampuni atasema amekubali.

#40 KusiKaskazi

Shahidi wa malipo ya miti ya mtu mwingine hajaiuza ardhi yake. Wakili wangu atasema hivyo.

#41 MkulimaKakuyuni

Angekuwa anapinga asingekwenda. Mimi nasema alikubali.

#42 BintiMkomani

Au hakuulizwa, akaona walau jirani yake asidhulumiwe. Watu wa zamani walikuwa hivyo.

Mwana wa Ganda, mwembe uliokatwa Jumanne ni mmoja wa ile miwili ya kwenye risiti, au uliota baadaye? Maana kama ulishalipwa mwaka 1994, hakuna wa kudai. Na kama ulipandwa chini ya waya baadaye, watasema mlijitakia.

#43 MwanaWaGanda

@BintiMkomani sijui, dada. Miti iliyolipwa naamini ilikatwa wakati ule ule. Huu uko hatua kama nane kutoka kwenye waya, ni matawi yaliyoufuata. Kesho nitakwenda kwa bi mkubwa na karatasi hii nimuulize. Barua ya kufuli nimeshaiandika kama alivyonielekeza FundiMstaafu. Ya mwembe nimeiacha wazi, mpaka yeye aseme kama anataka jina lake liandikwe.